Ubao Unaopaa

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua kuuma, na pasi za pale kwa dobi hazikuchoshi mno. Mimi ni mzima, ila magoti yamechubuka, na bora nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine.

Ubao mpya umefika. Ni wa tanga kama ule ninaofundishia wageni hapa kituoni ziwani, lakini chini yake una mguu mrefu unaozama majini, na mwisho wa mguu kuna bawa kama la ndege, jembamba, lenye makali. Upepo ukikolea, bawa linauinua ubao mzima juu ya maji. Kocha alinichagua mimi niujaribu kwanza. Nilianguka asubuhi nzima, wenzangu wakacheka mpaka wakachoka, wakaenda kunywa chai.

Halafu ukainuka. Mama, kelele zilikatika. Ule mchapo wa maji chini ya miguu niliouzoea haukuwepo, nikadhani masikio yameziba. Maji yalikuwa yanakimbia kule chini, na mimi nimesimama juu ya kitu kisichogusa chochote. Ukiegemea nyuma kidogo tu unarushwa. Ukiegemea mbele unazikwa. Niliogopa mpaka meno yakauma. Nilipoanguka, cha kwanza nilichotaka ni kupanda tena. Cha pili ni kujua lile bawa liko wapi, lisije likanikata.

Yanakuja mashindano. Kocha anasema atakayeumudu ubao huo ndiye atakayekwenda.

Mwanao,
Chiriku


11 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mguu ni ule ule, tumeshazoeana. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Sikukatazi. Nilipokukataza kupanda ukuta ulipanda paa. Ila umeniandikia upepo, bawa, wenzako, mpaka chai yao, na hukuniandikia kitu kimoja: ukianguka mbali, nani anakufuata? Boti ipo? Ina mtu? Nijibu hilo, mengine yatasubiri.

Mama yako


19 Machi

Mama, shikamoo.

Boti ipo. Mashine yake imeharibika, na Kocha anasema fundi yuko njiani. Huyo fundi yuko njiani tangu mwezi uliopita. Kesho ndiyo siku ya kuchaguliwa, na upepo unatoka nchi kavu kwenda katikati ya ziwa. Mrefu, mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja, amekataa kuingia. Kocha kamwambia mwenye moyo wa kuku akae na kuku.

Mimi nitaingia. Barua hii itakufikia yameshakwisha, kwa hiyo usihangaike.

Mwanao


27 Machi

Chiriku,

Salamu nitakupa ukinijibu. Barua yako imefika leo. Simu ya hapo kazini kwenu inaita tu, haipokelewi. Umeniandikia “usihangaike” kwa mwandiko uliolala kama nyasi zilizokanyagwa, na mwandiko wako siku zote umesimama. Niandikie neno moja, hata kama ni baya.

Mama


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwandiko ni wa Mrefu, maneno ni yangu. Mkono wa kulia umevunjika, umefungwa, utapona. Unisamehe ukimya. Sikuwa na mkono wala uso wa kukuandikia.

Ubao uliinuka mara tu niliposhika tanga. Sijawahi kwenda kasi vile. Nilipogeuza kichwa, watu wa ufukweni walikuwa wadogo kama punje, nami nilikuwa sijui namna ya kushuka. Nilijiambia achia tanga, vidole vikagoma. Mwishowe nikajitupa, mbali na bawa, mlingoti ukaniangukia mkono. Nikaukumbatia ubao. Upepo uliendelea kunisukuma, na kule ufukweni nilimwona Kocha anavuta kamba ya ile mashine, anavuta, anavuta.

Mrefu ndiye aliyekimbia mpaka kwa wachimba mchanga, akawaleta na boti yao. Walinikuta midomo haifungiki kwa baridi.

Kocha alikuja hospitali na machungwa. Kasema mkono ukipona nafasi ni yangu, ila nisiwaambie wenye kituo habari ya boti. Sijamjibu. Mama, nataka kurudi kwenye ule ubao. Hilo linanitisha kuliko mkono.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Nimelia, nimemaliza, sasa tuongee. Kabla ya yote mkumbatie Mrefu kwa mkono uliobaki, umwambie ameshapata mama wa pili.

Nimeomba ruhusa kazini, nafika Jumamosi ya wiki ijayo. Usifunge virago, siji kukurudisha. Mtu aliyeonja hayo uliyoyaonja hakai nyumbani akatulia, na namjua niliyemzaa. Nakuja kuonana na wenye kituo, na wataambiwa kila kitu, Kocha akiwepo. Kisha nitaweka kiti hapo ufukweni, na hakuna mtoto wa mtu atakayeingia majini kabla sijaisikia mashine ikinguruma kwa masikio yangu. Watachoka wao, mimi sichoki.

Sijui kuogelea, lakini kukaa najua.

Mama yako