Sakafu Iliyopanda

Kaka Mabula,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila salamu, hukunilea hivyo.

Tangu tukuzike, msimu mmoja wa mvua umepita, na mwanao Shija ameshika koleo lako. Juma hili alikuwa akichimba shimo la tangi la maji hapa Ngokolo, katika udongo mweusi wa mbuga.

Shimo lilipendeza. Kuta zilisimama wima kama zimekatwa kwa kisu, na kila aliyepita alizisifu. Mimi nilifanya ulichozoea kufanya: nikateremsha jiwe kwa kamba yenye kifundo. Jana, jiwe lilipotua chini, kifundo kiligusa gogo lililolazwa mdomoni mwa shimo. Leo asubuhi jiwe lilitua kifundo kikiwa bado juu ya gogo. Hakuna aliyetupa udongo ndani. Sakafu ilikuwa imepanda yenyewe.

Kaka, nilikumbuka maneno yako. Ulikuwa ukisema, "Mbuga haikuangukii tu, hukuinua kwanza." Nilidhani ni utani wako. Kumbe rundo la udongo ambalo vijana wanaochimba na Shija walilimwaga ukingoni, kwa uvivu wa kulibeba mbali, lilikuwa likiukandamiza udongo laini, nao ukapita chini ya kuta, ukatafuta pa kutokea. Ukatokea miguuni pa mwanao.

Niliwatoa wote. Nikaamuru rundo lirudishwe shimoni, liilemee sakafu. Balozi wetu wa nyumba kumi akacheka: "Mzee, wenzako wanachimba, wewe unazika?" Shija alinuna. "Baba mdogo, tunafukia kazi ya juma zima." Nikamwambia atupe koleo la kwanza yeye.

Kabla ya adhuhuri ardhi ilipasuka pale palipokuwa na rundo. Ufa mrefu, bila kishindo. Ukuta ule mzuri ukateleza taratibu, ukaegemea udongo tuliourudisha, ukatulia. Balozi alivua kofia. Shija alinyoosha mkono, akasema, "Baba mdogo, nipe hiyo kamba."

Nimetembea juu ya ardhi hii maisha yangu yote nikidhani imelala. Haikulala. Hupima kila tunachoondoa na kila tunachoweka.

Tutachimba tena, kipande kwa kipande, kila kipande kikijengwa kabla ya kingine kufunguliwa. Nakuahidi, Shija hatashuka kabla jiwe halijashuka.

Nawe pumzika, kaka. Udongo wote tulioutoa kaburini mwako, tuliurudisha.

Mdogo wako,
Lubasha