Namba mbili nyuma ya kitenge

Siku ya ine ya juma. Mvua inakatika sasa hivi, mabati bado inatona, na moyo yangu iko nguvu kuliko jana.

Shajara yangu, sijui namna bantu ba masomo banaanzaka kuandika mu wewe. Miye naanza sawa mu barua. Jambo. Hapa nyumbani tuko bote. Baba Clarisse analala, juu alitumika usiku ku mugodi. Tantine Fifi, dada yangu, mugongo yake inapoa kidogo. Junior iko ku masomo, viatu yake inakuwa ndogo tena. Mudogo wake Ruth iko na kikohozi, lakini anakula muzuri. Kambo, mama ya bwana yangu, anauliza kila asubui kama Clarisse anatoka Kasapa, na kila asubui namujibu bado.

Clarisse njo mutoto yangu wa kwanza. Anasoma droit, masomo ya sheria, ku iniversite pale Kasapa. Yee njo alifungua hii blogu mu telefone yangu, akasema vile nasemaka juu ya teatri, niandike. Kwa hiyo najua anasoma hapa, hata kama tangu siku ya mungu, siku ya misa, hanijibu.

Masomo yangu haikufika mbali. Lakini teatri ya kuimba, naijua.

Myaka mingi naketi ku kiti ya mbele mu sale ya parokia, pamoja na Mama Béa na Mama Kapinga. Hatukosi repetisyo, mazoezi ya kundi, hata moja. Tunajua nani anaimba na shingo na nani anaimba na tumbo, na nani nguo tu njo inamubeba. Yule kijana murefu mwenye kucheza muntu wa duane, wa ushuru ku mupaka, siye njo tulisema zamani ataitwa kucheza ku muji ya Kolwezi. Aliitwa, na leo anakula kwa ile kazi. Kubishana, tunabishana. Mama Kapinga anapenda mwanamuke mwenye kubeba muchezo akuwe na sauti nyembamba, ya kulia. Mama Béa anasema sauti ya kulia ibaki ku matanga. Miye niko katikati yabo.

Njo maana Tonton Dieudo, mwenye kuongoza kundi, alituweka siye batatu tuchague mwimbaji wa kwanza wa muchezo mupya. Yee hachaguake muntu kwa sura. Anafunga kamba, anatundika bitenge mbili, babinti banasimama nyuma, kila mumoja na namba yake, banaimba wimbo ile ile. Siye tunainua mukono. Alijua Clarisse, mutoto yangu, iko mule. Babinti bote balikuwa bapya mu kundi, hatujabasikia bado. Akasema nyuma ya kitenge hakuna mutoto ya muntu, iko sauti tu.

Muchezo ni juu ya bibi ya shofa wa lori, mwenye kungojea bwana yake mwenye kukwama mu foleni ya mupaka, ku Kasumbalesa, mpaka bunga ya kupika inaisha mu nyumba. Fashi ya bibi, ile nafasi ya kumucheza, njo kubwa. Ya mama-mukwe njo ya pili.

Ile siku ya mungu, namba mbili aliimba na sauti nyembamba, inatetemeka kidogo ku mwisho. Nikasema mu moyo: huyu njo wangu. Njo vile Clarisse anaimbaka akiosha masahani.

Namba ine alifungua kinywa. Sauti ya chini, ya mupana. Niliona lori, niliona sufuria tupu. Nikajiambia: huyu ni Nadège, binti ya mwenye farmasi, anakuya kunyanganya mutoto yangu fashi.

Mama Béa aliinua mukono kwa ine. Mama Kapinga kwa mbili. Bakaniangalia.

Niliinua kwa mbili.

Tonton akashusha bitenge. Namba mbili ilikuwa Nadège. Namba ine ilikuwa Clarisse.

Sikumujua ku sauti. Baba yake analalaka muchana, na tangu batoto beko badogo nabafundisha kuimba polepole, baba asiamuke. Ile sauti kubwa aliikomalisha mbali na masikio yangu. Miye mwenyewe njo nilimuzoeza kuificha.

Clarisse hakulia. Alipewa fashi ya mama-mukwe, akasalimia bantu bote, akarudi Kasapa bila kula. Kisha akaandika mu grupu ya mashabiki, ku telefone, kwamba anaacha teatri, atabaki na droit yake. Aliandika: "Mama yangu anajua teatri. Kama yee alinisikia na hakuinua mukono, basi siko muntu wa jukwaa."

Grupu ikawaka. Bengine banasema mama-mukwe njo fashi ya kudumu, babinti ba kulia banabadilishwa kila mwaka. Bengine banamuambia apumuzike kwanza. Mama Béa alinitumia sauti, miye peke yangu: "Mama Clarisse, masikio yako uliiacha ku soko?"

Sasa nasema hapa, bote basome.

Ile siku nilisikia muzuri sana. Namba ine njo alikuwa wa kwanza, na nilijua. Niliinua kwa mbili juu nilizani njo wewe, Clarisse. Nilitaka kuiba kwa ajili yako, na nikaiba kwako.

Kama ningesema kweli, ungeshinda.

Asubui hii, mbele mvua ianze, nilienda kwa Tonton Dieudo, nikamuambia yote. Hakunitukana. Alisema kiti ya mbele naiacha, nitaketi nyuma kabisa na benye kuchelewa. Nilikubali. Akamuita Nadège, juu ni haki yake kujua. Huyu mutoto iko na kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo.

"Mama, mumuite Clarisse. Namushinda tena, na mara hii bila musaada yako."

Basi jumamosi, saa tisa, bitenge inapanda tena. Bengine njo batachagua.

Clarisse, sisemi utashinda. Nadège anaimba muzuri. Lakini miye, na masomo yangu kidogo, mu ile sale sijasikia kintu sawa ile sauti yako. Upewe bibi ao upewe mama-mukwe, wee uko muntu wa jukwaa. Kwa hii, sina mashaka.

Baba yako nilimuambia. Anasema jumamosi muchana hatalala, anataka kusikia ile sauti yenye tulimufichaka.

Unijibu mbio, mutoto yangu. Hata "nakuya" tu. Telefone iko mu mukono, siiweki chini.