Fulana Tuliyogawana

Mdogo wangu Wilondja,

Tangu tukuzike sijaongea nawe, na unajua mimi si mtu wa kunyamaza. Watu wa kanisa waliniambia niombe, nikaomba. Wakaniambia nilie nimalize, nikalia mpaka Baba Esther, mume wangu, siku hizi ananiletea maji ya kunywa hata kabla sijaanza. Hakuna kilichosaidia. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua hakuna posta inayofika huko.

Nataka nianzie Louisville, kwenye lile duka la vitu vya jeshi vilivyotumika. Ulikuwa umeacha kazi ya ghala, pale tulipokuwa tukipanga maboksi pamoja, kwa sababu ulisema huwezi kupitisha siku nzima bila kuzungumza na mtu. Ukaanza kupeleka pizza nyumba kwa nyumba. Ulifurahi kama umepewa ubalozi. Kisha mwenzako wa kazi akawekewa bunduki usoni mlangoni mwa mteja, na wiki hiyohiyo ukaniomba nikusindikize dukani.

Mimi nilikataa kuingia. Mlango ulipofunguliwa tu ilinijia harufu ya turubai, mafuta ya bunduki na mabuti, harufu ya askari wa kule Kongo tulikokimbia. Nilikusubiri kwenye gari. Ukatoka umekumbatia fulana ya kuzuia risasi, nyeusi, iliyofifia mabegani, umeishika kama mtu aliyetoka kununua mkate.

"Rudisha," nilikwambia. "Kwetu mtu akikutwa na nguo ya jeshi, ya basoda, pande zote zinamuua."

"Yaya, hii si ya basoda, ni ya bapolisi."

"Iko na différence gani?"

Ukacheka. Ulikuwa ukiniita yaya, kama kwetu wote wanavyomwita dada mkubwa, na ulijua kulivuta lile neno ukitaka kunilainisha. Ukanisimulia jinsi mzee mwenye duka alivyokuuliza swali moja tu, kama umewahi kufungwa kwa kuumiza watu. Ukasema hapana, naye akakukabidhi kama anauza viazi. Jambo hilo lilikushangaza kuliko theluji. Ulirudia njia nzima kwamba katika nchi hii raia ananunua kinga ya polisi mchana kweupe na hakuna anayemuuliza anamwogopa nani.

Nyumbani tuliigeuza ndani nje. Ilikuwa na jasho la mtu mwingine, limeganda kwenye kola. Ndani ya mifuko ya kitambaa kulikuwa na vipande viwili vilivyoshonwa, vizito, vinavyokunjika kidogo kama godoro jembamba, kimoja cha kifuani na kimoja cha mgongoni. Kwenye kila kipande kulikuwa na lebo iliyosema muda wake umekwisha na kisiaminiwe tena. Nilikusomea kwa sauti.

"Date ni ya maziwa na dawa," ulisema. "Nguo haiozake."

Ukaivaa. Nilikutukana, lakini moyoni nilianza kupumua kila ulipochelewa kurudi. Sikukwambia hilo wakati ule. Nakwambia sasa.

Halafu Baba Esther akapata kazi Buffalo, na wewe ukaitwa Columbus na wale vijana wa kwaya waliokuwa wamehamia huko. Asubuhi ya kuondoka kwetu jikoni kulikuwa na maboksi mpaka juu ya jiko. Ulisikia kwamba nitafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, kwamba nitakuwa nashuka kwenye basi mitaa nisiyoijua, nikiwa peke yangu. Ulikwenda chumbani ukarudi na fulana, ukaibandua ile mikanda yake ya kunata, ya mabegani na ya mbavuni, mpaka ikawa vitu viwili mezani.

"Bon, tugawane."

"Gilet haigawanywake, Wilondja."

"Kila kitu inagawanywaka."

Na mimi nilikubali, mdogo wangu. Nimefikiri sana kwa nini nilikubali upesi vile. Mmarekani angetucheka, angesema kitu hiki kimetengenezwa kiwe kizima au kisiwe kabisa. Lakini mimi na wewe tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na jozi moja ya mabuti ya mvua, wewe shule ya asubuhi na mimi ya mchana, tukikutana njiani kubadilishana huku tumesimama kwa mguu mmoja kwenye tope. Tulikuwa na blanketi moja, na daftari moja lililokatwa katikati kwa wembe. Hatukuwahi kuona kitu kikaharibika kwa kugawanywa. Kwetu kilichoharibika ni kile ambacho mtu alikula peke yake.

Ukanipa kipande cha mbele kwa sababu ni kipana zaidi. "We uko na batoto. Mi nitakamata ya mugongo, nitaivala mbele."

"Na mugongo yako?"

"Mwizi anatokeaka mbele, yaya. Anataka franga. Ataombaje franga mugongoni?"

Tulicheka mpaka Esther akaja kuuliza, kwa kile Kiingereza chake, kama kuna aliyekufa. Nikatoa cherehani kwenye boksi nililokuwa nimeshalifunga, nikakushonea mfuko wa kitenge wa kukalisha kipande chako kifuani, wenye mikanda mirefu ya kufungia nyuma. Ulipoufunga ulionekana kama mama aliyembeba mtoto mbele badala ya mgongoni. Ulitembea jikoni ukimbembeleza. Hiyo ndiyo picha yako ninayoiona nikifumba macho, na siipendi kwa sababu nacheka kabla sijakumbuka.

Columbus ilikupenda. Jumapili baada ya ibada ulikuwa unapiga simu na kunieleza wateja wako, yule anayefungua mlango na mbwa watatu, yule bibi anayetaka umkalishie boksi mezani na umweleze habari za nchi yako. Nilikuwa nakuuliza swali langu la kila Jumapili, umevaa? Nawe unajibu, nimevala, yaya, mutoto analala.

Mara moja ulikuja Buffalo wakati wa baridi kali. Ulinikuta kituo cha basi Grant Street, natoka kazini kwa bibi ninayemhudumia Amherst, nimesimama nje ya lile duka la Wakongomani wenzetu tunakonunua sombe, yale majani ya muhogo, na dagaa. Ukanikumbatia, ukagonga kitu kigumu chini ya koti. Ukafungua zipu yangu mbele ya watu. Nilikuwa nimevaa kipande changu juu ya sweta, nimekibana kwa mkanda wa Baba Esther.

"Kuko risasi hapa?" uliuliza, umeacha kucheka.

"Kuko upepo," nilikujibu. Ndiyo kweli tupu. Kile kipande kilizuia upepo wa ziwani kuliko koti lolote nililowahi kuwa nalo. Uliangua kicheko ukashika nguzo. Ukaniambia nisikivue mpaka mwezi wa tano. Tukaingia dukani, ukanunua dagaa wa kutosha kijiji, na gari lako likanuka mpaka Columbus.

Nilikutii. Sikukivua.

Mimi siku zote niliogopa giza. Kumbe walikuua saa za chakula cha mchana, jua likiwa limewaka, barabara imekauka vizuri, mwezi wa tatu. Ulikuwa umeshakabidhi boksi na unarudi kwenye gari. Hakuna aliyekuomba franga. Hakuna hata aliyekuita. Mpaka leo hawajui ni nani wala alitaka nini.

Mzee wa kanisa lenu ndiye aliyenipigia simu. Baba Esther aliendesha njia yote mpaka Columbus bila kuwasha redio. Kule polisi kulikuwa na mpelelezi, mwanamke wa makamo, mpole, na mkalimani kwenye simu iliyowekwa mezani. Mkalimani alikuwa Mtanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi, kila neno mahali pake. Alikuwa anasema marehemu hivi, marehemu vile, nami nilikuwa namsubiri huyo marehemu apite ili waanze kuzungumza habari zako.

Kisha mpelelezi akasema kitu kirefu, na mkalimani akakileta polepole. "Risasi iliingia mgongoni mwa marehemu. Ilipita. Ilikutwa imenasa ndani ya kile kipande alichovaa kifuani, kwa upande wa ndani. Anasema kipande kile kilikuwa bado kizima. Anasema, japo muda wake ulikwisha, kiliisimamisha."

Mpelelezi alitikisa kichwa kwa huruma. Nafikiri alitaka kunipa kitu cha kushika, kwamba mdogo wangu hakuwa mjinga, kwamba alinunua kitu cha kweli. Nilimwambia asante. Siku ile uliyouawa wewe mimi nilikuwa kazini Amherst, nimekivaa kipande cha pili, na sikuhisi baridi hata kidogo.

Kila mtu ananiambia si kosa langu. Najua si kosa langu, wala si lako. Ingekuwa kosa ningetubu, ningepigwa, yangekwisha. Ilikuwa mapenzi, na sijui mtu anatubu vipi mapenzi. Nasimama jikoni nikikata kitunguu, mkono unasimama wenyewe. Nimeacha kuimba. Esther amekwenda kambi ya shule na amerudi na sikumbuki kama nilimuuliza ilikuwaje. Bibi wa Amherst ananiambia nimekonda, kisha anasahau, kisha ananiambia tena, na namshukuru kwa kusahau kwake. Watu wanasema muda utaniponya. Sioni muda ukifanya kazi yoyote hapa.

Na kuna mama. Kesi yake ya kuja huku bado haijasogea, yuko palepale kambini, na simu tunapiga kwa jirani yake. Siku nilipompa habari alilia kwanza kwa Kibembe, kisha akatulia, akauliza.

"Alikuwa amevala ile gilet yake?"

"Alikuwa amevala, mama."

Nikasikia kuku wa jirani.

"Basi njo siku yake ilikuwa imefika," alisema. "Kama hata ile haikuweza, hakuna yenye ingeweza. Mungu njo alimuita."

Sikumsahihisha. Hajui kwamba tuliigawana. Tangu siku hiyo anakula, anakwenda kanisani, anawaambia wanawake wenzake kwamba mtoto wake alijikinga kwa kila njia na bado siku ikafika, na wenzake wanaitikia. Jirani anasema analala vizuri. Kila Jumapili ananiuliza tena alikuwa amevala, nami nasema ndiyo, mama. Ananiambia ilikuwa siku yake, nami nasema ndiyo, mama, ilikuwa siku yake. Namwambia kwa sauti iliyonyooka kabisa, kisha nampa Baba Esther simu.

Kwaheri, Wilondja. Haikuwa siku yako.

Yaya wako,
Sifa