Mwano wa Mzee Machibya

Kija, uko? Usicheke. Leo nimemkosesha mtu kazi kwa mdomo wangu huu.

Si gesti yetu inatafuta mlinzi? Bosi, Mama Gloria, akaniambia nimsaili Mzee Machibya wa Mwandoya, aliyekuwa kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi. Kaja na fimbo yake na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kwao, kaifunga vizuri kwenye nailoni.

Nami na utani wangu: "Haya guku, babu yangu, mwizi huyo anatoka getini na begi. Tuone!"

Akaniuliza, "Kwelikweli, mwanangu?"

Nikamwambia kwelikweli. KWELIKWELI, Kija!

Mzee akapiga mwano, lile yowe la sungusungu. Na unajua mwano ukilia huku hakuna anayebaki amekaa. Bodaboda, mafundi cherehani, hadi mama wa maharage na mwiko wake, wote ndani! Na getini kweli kulikuwa na mgeni wetu anatoka na begi. Wakamlaza chini, shati likachanika.

Mama Gloria katoka anafoka: "Nani kapiga yowe?"

Mzee akanitazama. Kija, alinisubiri niseme. Mimi nikainamia kitabu cha wageni.

"Ni mimi, mama," akasema.

Kafukuzwa palepale. Kachukua barua yake, kaniaga kwa heshima: "Ubaki salama, mwanangu."

Halafu Mama Gloria kanigeukia: "Afadhali umemgundua kabla hatujamwajiri. Una jicho la watu wewe."

Nikamjibu, "Asante, bosi."