Macho ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 1952

Vikope tena. Tangu asubuhi nageuza kope za watoto wa shule na kuwapaka dawa ya mafuta. Wanalia kabla sijawagusa. Baadaye mzee wa Merikit, kope zimejipinda ndani, zinamkwaruza jicho kila akipepesa. Nimezing'oa kwa kibano, moja moja. Anasema mkono wangu ni mwepesi kuliko wa mke wake.

Nyumbani nimemkuta Nabwire, mke wangu, ameketi tu, moto haujawashwa. Habari kutoka Buteba, kwao. Mama yake ameanguka mferejini akienda kisimani. Macho yake yamefifia miaka mingi, sasa haoni tena. Jirani anataka kumpeleka Busia kwa mganga anayetia maji ya majani machoni. Nayajua maji hayo. Nimewapokea waliotoka huko, jicho limeshaoza.

Watu wa Tororo huniita Dresa wa Macho, maana ndimi msaidizi wa tiba ya macho hospitalini hapa. Kazi nilijifunza jeshini. Lakini macho ya mama mkwe wangu sijawahi kuyaona. Kwetu Wasamia, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani. Miaka kumi na miwili namjua kwa sauti na kwa mgongo.

Jumapili, 9 Machi

Buteba kwa baiskeli baada ya kanisa. Mama mkwe ndani, mimi nje, ukuta katikati. Nimempa Nabwire tochi na kumwelekeza kupitia dirishani. Mboni ina rangi gani? Nyeupe, kama mtindi. Ukimulika, inajikaza? Inajikaza. Jicho ni jekundu? Linauma? Hapana. Basi mulika toka kila upande, umwulize mwanga unatoka wapi.

Juu, chini, kulia, kushoto. Amejibu zote sawa. Kisha akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia, "Huyo baba watoto ananitibu au anatafuta mwizi?"

Ni mtoto wa jicho. Yote mawili, yamekomaa. Nyuma ya weupe ule jicho liko hai. Nilitaka kuruka.

Kupasuliwa amekataa. Amezeeka, anasema, ameona ya kutosha. Nabwire amebaki naye. Nimerudi peke yangu, nina hasira na kila kitu, hata baiskeli.

Jumanne, 11 Machi

Wamefika! Kwa lori la pamba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nabwire amemshinda kwa neno moja: mtoto wetu wa mwisho, Auma, ana miaka miwili na bibi yake hajawahi kumwona sura. Mama mkwe akaomba shuka la kufungia vitu vyake.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari amekuja kutoka Mbale. Amempima, amekubaliana nami. Tuanze na jicho la kulia.

"Wewe natazama ukuta kwa nini?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kizungu. Nikamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nesi ana homa. Hakuna mwingine wa kushika kichwa, na kichwa kikitikisika, kisu kinaingia pabaya.

Nikamtuma Nabwire amwombe ruhusa. Akarudi na jibu: "Amesema kipofu hana mkwe."

Nimemshika. Kichwa kidogo, nywele laini kama za mtoto mchanga. Mikono hii iliwahi kufunga vidonda vya risasi; kichwa cha mama mkwe haikuwahi kukishika. Yeye ametulia kabisa. Lenzi imetoka nzima, ya kahawia, kama punje ya hindi kavu.

Sasa macho yote mawili yamefungwa, mifuko ya mchanga huku na huku. Siku kumi. Asigeuke, asikohoe, asicheke.

Jumamosi, 15 Machi

Amepiga chafya. Mara maumivu.

Daktari yuko safarini, hapatikani. Nimefungua bandeji mwenyewe. Damu, mbele ya mboni, imetuama chini. Nyuzi za mshono zimeshika. Nimetia matone, nimeinua kichwa kidogo, nimefunga upya. Sina kingine. Damu ikizidi, jicho limekwenda, na ni mimi niliyemshawishi. Naogopa sana.

Kana kwamba hayatoshi, amekuja shemeji Ouma, kaka yake Nabwire. Amesikia nimemshika mama yake kichwa. Anataka kondoo wa kuondoa mwiko, tena leo. Nilikuwa sijafungua kinywa. Mama mkwe akajibu kutoka kitandani, midomo haisogei: "Kondoo nitamtoa mimi. Sasa nyamaza, usinichekeshe."

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimekaa kando ya kitanda chake. Akaniambia niongee, chochote, asiwaze chafya. Ni mara ya kwanza ananisemesha mimi, bila kumpitia mtu. Nikamsimulia mvua za Burma na nyumbu wa kubeba mizigo waliogoma kuvuka mto.

Naye akaniambia kwa nini alinikataa nilipokuja kuposa. Miguu yangu ilikuwa myembamba. "Nikasema, haya, miti hii haitabeba mtu." Nimeuma kidole. Kama yeye hawezi kucheka, nami sitacheka.

Nampenda mama huyu. Sikujua.

Damu iko vilevile.

Jumatatu, 17 Machi

Vilevile.

Jumanne, 18 Machi

Naona kama imepungua. Siyaamini macho yangu, huenda yanaona yanachotaka. Nimemwita Nabwire atazame, sikumwambia kitu. Ametazama muda mrefu. Imepungua, anasema.

Nimekula leo.

Jumapili, 23 Machi

Siku ya kumi. Nimefungua. Mboni nyeusi, safi, duara yake imevutika kidogo upande mmoja. Nimeinua vidole. Viwili. Vinne. Ngumi. Amehesabu vyote, na ile ngumi akauliza nataka kumpiga nani.

Nabwire akamleta Auma mpaka karibu kabisa, maana bila miwani bado anaona ukungu. Mama mkwe akampapasa kwanza, kama alivyozoea, kisha akaondoa mkono, akatazama tu. Auma naye akamtazama. "Huyu ameniibia pua," akasema mama mkwe.

Kisha akageuka upande wangu. Nilikuwa natazama sakafu. Nikasikia anavuta shuka usoni.

"Toka nje, baba. Nimeshapata mkwe."

Nimetoka. Nimesimama nyuma ya wodi, nikacheka na kulia kwa pamoja. Mfagiaji akaniuliza kama nimefiwa.

Jumatano, 30 Aprili

Miwani yake ilifika wiki jana kutoka Kampala, mizito kama chupa. Leo amekuja kutazamwa. Daktari ameridhika. Jicho la kushoto, mwezi wa Julai.

Foleni ndefu barazani. Mama mmoja wa Majanji, naye ana mtoto wa jicho, alisikia habari ya kisu akainuka kurudi kwao. Mimi ndani, namtia mtoto matone, siwezi kumwacha. Nikasikia sauti ya mama mkwe huko nje, haina haraka.

"Kaa kwanza, dada. Mikono ya dresa huyu ina baridi, lakini inajua inachofanya."

Kisha benchi likalia, mtu ameketi.

Nimenawa mikono. Nimemwita anayefuata.