Kibuyu Kisicho na Shanga

Mjukuu wangu Lemayan,

Hapa Nainokanoka tumeamka wazima. Wanangu mapacha wanaota meno kwa zamu, kwa hiyo silali. Usicheke kwamba bibi yako, mdogo wake babu yako, bado ananyonyesha.

Unalalamika kwamba mwalimu wa kompyuta amekataa kazi yako. Anataka kila jina linalotumiwa na programu nzima lianze na herufi za kutambulisha sehemu ya programu lilikotoka, nawe umeandika “hali” tu, kwa kuwa wewe unajua ni hali ya sehemu ipi. Nilishtuka, maana niliwahi kusema hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi, wewe ukitambaa. Mama yangu alikuwa na kibuyu cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, nyeupe kama maziwa. Hakikuwa na shanga za kukitofautisha na vibuyu vya maziwa, lakini nyumbani mwetu sote tulikijua. Siku moja nikakitua langoni, wanapopita watu wa nyumba zote za boma. Mama yako akakichukua akidhani ni maziwa, akakumiminia kikombeni. Kikombe kilikuwa kimegusa mdomo wako aliposikia harufu, akakipiga kikaruka.

“Nani kaweka hiki hapa?”

“Mimi. Kwetu kila mtu anakijua!”

“Na hapa langoni ni kwenu?”

Nilikivisha shanga nyekundu mwenyewe, huku nalia.

Ziweke hizo herufi, baba. Ndani ya nyumba yako ita upendavyo. Langoni hujui nani ana kiu.

Bibi yako mdogo,
Nasieku