Nilisema Samaki, Sikusema Mtu

Hail, Maskati

Seif,

Nani kakutuma urudishe posa ya watu? Mimi? Nilikwambia lini? Mtu mzima, ndevu zimeshaingia mvi, umeshindwa kumuuliza mama yako neno moja tu: mama, unamsema nani? Ungeuliza hivyo nisingekuwa na haja ya kushika kalamu leo.

Haya, assalaam alaykum. U hali gani, na mkeo mguu wake umepona au bado anaukanda? Nyumba imeshaezekwa kule nyuma au mvua inaingia vile vile? Mimi mzima, Alhamdulillahi. Magoti yananiuma nikipanda ngazi, basi sipandi ngazi. Joto limeshaanza, madirisha tumeyafunga, tunaishi na baridi ya mashine kama nyama dukani.

Nakuandikia kwa mkono wangu, asije mtu akasema nimeandikiwa. Herufi zangu kubwa, najua. Mimi skuli nilitolewa mapema, utazisoma hivyo hivyo. Wewe umesoma mpaka umesahau kusikiliza. Na simu siitaki katika jambo hili, maana simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Barua hii anakuletea jirani yangu Bi Salma, anakuja Unguja kumtazama dada yake. Nimemwambia akupe wewe mkononi na akungoje mpaka uimalize.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, kwa mpango wake.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenambia kuwa ami yake huyo kijana Nassor kakupigia simu kumposea mwanao Thuraya, na kwamba wewe huko uliko huwajui watu wale, basi mimi niwatazame kisha nikwambie. Nikasema sawa. Mtoto huyu nimemlea mimi tangu ulipomwacha hapa ukarudi Unguja na biashara zako, nna haki ya kumtazamia mume. Ijumaa wakaja, Nassor na mama yake, baada ya laasiri. Wanakaa Al Amerat, nyuma ya majabali, nyumba yao mpya. Watu wa bara, asili yao Tabora, ndiyo. Mama mtu anasema Kiswahili kirefu kama anasoma taarifa ya khabari, "ninakwenda", "ninakuja", hamezi neno. Lakini kakaa kwa hishima, kaniamkia vizuri, kaleta halwa.

Na Nassor kaleta samaki.

Kazi yake unaijua, ni fundi wa mitambo ya kugandishia samaki kwenye meli. Meli yao inakwenda kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu, huko hata miti hakuna. Kanipa boksi kwa mikono miwili, kasema, "Bibi, nimekuchukulia samaki usiyemjua." Maneno hayo yalinichoma kidogo. Mimi nimekulia pwani, nimepara samaki kabla sijajua kusuka nywele, leo mtoto wa Tabora aniletee samaki nisiyemjua? Nikachukua boksi nikaingia nalo jikoni. Akataka kunifuata aseme kitu. Nikamwambia wanaume hawaingii jikoni kwangu, akarudi akakaa.

Seif, nyinyi wote nimekufundisheni kununua samaki. Mnamtazama nini? Mnafunua shavu. Matamvua yakiwa mekundu, samaki mpya, mtie kikapuni. Yakipauka, mrudishie mwenyewe na umwambie maneno. Sijapata kukosea kwa hilo, si Unguja, si hapa soko la Seeb.

Basi nikamfunua. Ngozi tupu, hana hata gamba moja, mdomo mrefu umelala bapa kama wa bata. Ndani ya shavu matamvua meupe kama pamba. Nikampasua. Kwenye uti wa mgongo, pale damu inapolala, hamna kitu. Maji tu. Na mimi wakati ule nimeshika simu kwa mkono wa pili, nataka kukwambia kuwa wageni wamefika. Kidole kwenye kitufe cha kurikodi sauti, macho kwenye samaki. Thuraya kasimama mlangoni na sinia ya kahawa, nikamwambia yeye: "Huyu kaoza. Mweupe mpaka ndani, hana damu huyu. Mtoeni nyumbani kwangu kabla hajanuka."

Ikaenda. Kwako.

Nikanawa mikono, nikarudi kwa wageni, tukanywa kahawa, tukacheka. Walipoondoka nilimwambia Thuraya kijana hana ila, samaki tu ndiye kampata mbovu, labda friza yao ilizimika. Nilikuwa nimeshasema ndiyo moyoni mwangu. Kumbe wewe huko umeshasikia, umeshampigia ami yake, umeshasema mama yangu kakataa, kasema mtoto wenu hana damu.

Kesho yake mama yake Nassor kanipigia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema, "Bibi, kama hamtutaki mngetwambia tulipokuwa tumekaa mbele yenu. Kumwambia mtoto wa watu hana damu, kaoza, atolewe nyumbani. Sisi tuna asili yetu."

Nikamuuliza damu gani. Kanisikilizisha sauti yangu mwenyewe. Umewapelekea ushahidi, Seif. Sauti ya mama yako, yuko jikoni kwake na kisu mkononi, umeipeleka kwa watu.

Sasa nnakuuliza wewe uliyesoma. Nilisema mweupe. Nassor ni maji ya kunde, picha yake unayo, huo weupe uliuona wapi? Nilisema mpaka ndani. Huko ndani ningemwonaje, nilimpasua? Nimesema "huyu" kwa sababu samaki anaitwa "huyu", au ulitaka niseme "hiki"? Nilisema samaki, sikusema mtu.

Na usinambie ulikosea kusikia. Ulisikia ulichokuwa unakitaka. Niliyaona maneno yako kule kwenye kundi la ukoo, umeandika, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza, watu wa bara hatuwajui." Huwajui? Babu yako mzaa baba kazaliwa Tabora. Kaoa Tabora. Baba yako mpaka anakufa akikasirika anatukana Kinyamwezi. Damu unayoitafuta kwa watu iko kwenye mshipa wako wewe, na ukiikataa kwao umejikataa mwenyewe.

Thuraya hakulia mbele yangu. Anakwenda kazini, anarudi, anapika, chakula hakina chumvi. Ukimsemesha ni "ndiyo bibi", "siyo bibi". Siku ya pili nikamwambia mwanangu sema, nitukane ukitaka. Kanijibu polepole, anakunja nguo: "Bibi, samaki ulimfunua ukamtazama. Mimi hakuna aliyeniuliza." Kisha kaenda kwenye friza, katoa samaki, kaweka mezani. Nilimwambia awape paka, hakuwapa. Alimfunga vizuri akamrudisha kwenye baridi.

Nikamnusa. Nikamnusa tena. Hanuki, Seif. Nyama imekaza, ukiibonyeza inarudi. Matamvua yale yale meupe. Samaki mbovu asiyenuka sijapata kumwona katika umri wangu.

Nikamtia kwenye mfuko na barafu, nikachukua teksi mpaka Al Amerat, peke yangu. Dereva kaniuliza mara mbili kama nna uhakika na njia. Mama yake Nassor kafungua mlango, kanitazama, kautazama mfuko, kasema karibu kwa sauti ya mtu anayesema kwa kheri. Nikaingia. Nikamwita Nassor nikamwambia kaa hapa, nieleze samaki huyu ni nani.

Kanieleza. Maji ya huko ni baridi kupita barafu, chumvi tu ndiyo inayoyazuia yasigande. Samaki huyu naye ana kitu mwilini kinachomzuia asigande. Na maji yakiwa baridi namna ile yanabeba hewa nyingi, basi samaki huyu hana haja ya ule wekundu wa kubebea hewa. Damu anayo. Ni nyeupe, inaonyesha, kama maji ya dafu. Inamzunguka vizuri kwa sababu moyo wake mkubwa, mkubwa kuliko wa samaki mwengine wa kiasi chake. Matamvua yake ni meupe toka anazaliwa. Yangekuwa mekundu ndiyo angekuwa si yeye.

Nikamuuliza kwa nini hukunambia siku ile? Kainamisha kichwa, kasema, "Nilikuja kukwambia, bibi, ukasema wanaume hawaingii jikoni."

Mama yake kacheka. Hakutaka kucheka, kikamtoka. Kamchukua samaki, kamkaanga kwa bizari na ndimu, kaleta na wali. Kaniwekea kipande kikubwa, kasema, "Kula bibi, kaoza huyo." Nikala. Nyama yake laini, haina shombo, miba michache, hata mtoto mdogo anaweza kupewa. Nikaongeza. Siwezi kusema zaidi ya hapo, lakini nguru ni nguru, hapitwi.

Tulipomaliza nikamwambia mwenzangu, yaliyopita yamepita, posa nimeikubali, wanangu ni wako na wako ni wangu. Kakunja kitambaa chake, kasema hana kinyongo na mimi, lakini neno hili si langu wala lake. "Aliyeirudisha ni baba. Baba ndiye walii, msimamizi wa ndoa. Akikaa kimya, basi jibu tumeshapewa." Na kasema ukweli. Nassor meli yake inakaribia kuondoka, na akishaingia bahari ile simu haishiki. Nimewasikia pia shangazi zake pale nyumbani wanataja binti mwengine, wa Barka, wanamtaja kwa sauti ya kutaka nisikie. Wakimposa yule kabla meli haijaondoka, mimi sitamlaumu mtu isipokuwa wewe, na Thuraya atakula chakula hakina chumvi maisha yake yote.

Mpe salamu mkeo, mwambie akukumbushe kila asubuhi. Msalimie dada yangu wa Kikwajuni, huyo mwenye kisukari, aache halwa. Msalimie mwalimu wa chuoni aliyekufundisha Kurani, muulize kama alikufundisha kuhukumu bila kuuliza. Watoto wa marehemu kaka yako wabusu wote, na yule mdogo asitoke bila viatu.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, mpigie ami yake Nassor, mbele ya Bi Salma. Sema naye kwa mdomo wako, usimtumie sauti wala usimwandikie. Usiseme mama kakosea. Sema, "Mimi ndiye sikuuliza." Mwambie posa imekubaliwa. Kisha panda ndege.

Samaki hakuoza, Seif. Aliyebakia kuoza ni wewe, baba mtu. Njoo umuoze mwanao.

Mama yako,
Zuwena